Kiti ya Pembeni mu Gari Nyekundu

Baba Masika,

Niko na kasirani, njo maana naandika. Usicheke maandishi yangu. Unajua masomo yangu iliishia wapi.

Batoto beko muzima. Mbuzi ilizala. Mimi bado nashusha mifuko ya viazi ku soko, ile inatoka Kipese na Masereka. Mugongo inauma, lakini tunakula. Habari ya nyumba ni ile tu. Sasa tuongee ya gari.

Ile gari ya Madame wa depo ya mabati. Nyekundu, ya chini sana, viti mbili tu, inalia kama nyuki. Mu Butembo yote haiko ingine. Na mashimo yetu na vumbi yetu! Mutu anaendesha kile kitu hapa juu ya nini, kama hapana juu ya kuonekana?

Niliichukia mbele ya wewe kugonjwa. Kila mara Madame anairudisha ku garage yenu. "Fundi, fusible imeungua tena." Ile kidude ya kulinda umeme ikiungua, radio kimya, cadran ya kuonyesha mwendo kimya. Unaweka fusible mupya, unaenda kuijaribu ku njia ya Beni, unarudi unacheka: "Iko sawa." Kisha Madame huyu tena, na rouge yake ku midomo.

Na ulikuwa unaigusa polepole. Hiyo iliniuma. Unapanguza mikono mbele ya kushika mulango yake. Kwangu ulikuwa unaingia na graisse yote, mafuta nyeusi ya gari, unashika kikombe, unashika shuka. Tukikula, unaongelea gari. "Mama Masika, iko fil fulani, waya ya umeme, inanisumbua." Mimi nasema mu roho: si fil.

Jirani, Mama Kavugho, naye hakunyamaza. "Dada, bwana yako nilimuona kule juu, mu gari nyekundu. Alipita mbio, sikuona nani iko pembeni."

Sikuona nani iko pembeni! Ile neno ilinilala mu tumbo kama bugali ya jana. Fundi gani anashindwa na fusible? Nikasema, huyu anaiacha ile ugonjwa makusudi, juu Madame arudi.

Kisha homa ikakukamata. Sikukuuliza. Mutu amelala vile, unamuuliza nini? Siku ya kukuzika, Madame alikuya na kitambaa nyeusi, akalia. Alilia muzuri kunishinda. Nilikuwa namuangalia yeye, Baba Masika. Sanduku yako inashuka, mimi niko naangalia yeye.

Sasa sikia. Juzi mvula ilinikuta mu njia ya Bulengera, bidon ya maji ku kichwa. Gari nyekundu ikasimama. "Mama Masika, panda, utalowana!" Nilitaka kukatala. Kisha nikasema hapana, leo nikae ile fasi ya pembeni, nijue ilikuwa nini. Nikaingia na matope yangu yote. Kile kiti ni laini, aki. Nikakaa kwa nguvu, kama mutu anarudisha kitu yake.

Tac! Radio ikakufa. Cadran ikakufa.

Madame akapiga volant, ile usukani. "Tena! Juzi na dada yangu, vile vile! Siku ile na mama, vile vile!" Akaangalia kiti yangu. "Eh! Kumbe nikiwa peke yangu fusible haiunguake."

Nikamuuliza. "Na bwana yangu, mulipandaka naye?"

"Ule? Alikatala kabisa! Nilimuambia twende wote, uone vile inafanya. Akasema, Madame, baki hapa, kunywa chai. Bibi yangu iko na wivu, na Butembo iko na macho mingi."

Tukasukuma... hapana, moteur ilikuwa muzima, tukaenda tu bila radio, mimi na yeye, mupaka ku garage. Kambale, ule mulitumikaka naye, akatoa kiti. Chini yake, fil ya radio imekulwa na chuma ya kiti. Mutu akikaa, kiti inashuka, chuma inagusa fil, fusible inaungua. Akafunga fil na scotch nyeusi, ile utepe ya kunata, akaipitisha fasi ingine. Ikaisha. Akanicheka: "Shemeji, kumbe yaya, bwana yako, alijaribu hii gari siku zote peke yake!"

Peke yako. Kila mara. Ungepandisha mwanamuke hata mara moja, fusible ingekusemea. Nililia mbele yao, sikusikia haya.

Lakini nilipofika ku nyumba, kasirani ikarudi. Juu mimi pia niko na uzito. Mimi bibi yako. Ungenipandisha siku moja ya mungu, tufike ku barrière ya njia tu, turudi, ungeiona ile ugonjwa palepale. Nani mu Butembo angesema kitu? Fundi amebeba bibi yake, basi. Uliogopa wivu yangu, ukakimbiza ile kiti bure, haina mutu. Dada ya Madame amekaa. Mama yake amekaa. Mimi nilikaa wakati wewe uko mu udongo.

Sasa gari iko muzima, Madame harudiake tena ku garage. Akinipita anapiga klaksoni. Namuitikia, kidogo. Siwezi kumupenda ghafula.

Nilale sasa, kesho camion ya viazi ya Masereka inafika mapema. Neno moja tu. Ku kaburi yako, upande wa kuume, nilipanda ile miti ya mupaka, kama ya shamba. Niliambia batoto: pale basizike mutu, hata muzee gani wa jamaa. Nitaenda kupalilia kila Toussaint, siku ya kukumbuka wafu, mimi mwenyewe, na jembe yangu. Nawe unichungie ile fasi yangu. Akikuya mwingine kulomba ile fasi, umuambie maneno yako ile: bibi yangu iko na wivu.

Lala muzuri, bwana.

Mama Masika