Lowell na Antena Yake ya Kutuma Tu

Shoga, Lowell kajiumbua leo! Mwenyekiti wetu mwenyewe, tena kwenye mashindano ya redio, klabu nzima inatazama.

Nimefunga waya wangu mtini, ananiambia, "Marlys, bibie, antena hiyo ni ya kusikilizia tu. Ishushe." Ya kusikilizia tu!! Nikamwambia antena inayosikia vizuri upande fulani, inatuma vizuri upande huohuo. Akacheka. Sikuishusha.

"Yangu ni ya kutuma," anasema. "Tazama mshale wa kipimo, hata wati moja hairudi kutoka kwenye antena."

Masaa mawili, shoga. MAWILI. Anaita kuanzia Minnesota mpaka Texas, hajibiwi hata na mzimu. "Wao wananisikia, mimi ndiye siwasikii." Pointi sifuri!

Nikaifuata kebo ya redio yake kwa mkono, mpaka chini ya meza. Haikwenda kwenye antena! Ilikwenda kwenye ule mkebe wa kujaribia redio, unaomeza nguvu zote na kuzigeuza joto. Ungekaanga yai juu yake.

Nikaichomoa, nikaichomeka kwenye waya wangu. Akaita tena, Manitoba, kule Kanada, wakajibu papo hapo.

Unajua alisemaje? "Unaona? Sasa hewani kumefunguka, mawimbi yanapita."

Kumefunguka!! Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia una lengelenge la mkebe wake.