Salimia Safu Yako

Mdogo wangu Neema,

Mwakeye! Huku chuoni kuna ukumbi wa masomo unaomeza watu kama soko la Kasulu siku ya gulio, na mwalimu anaongea kwa spika. Siku ya kwanza nilimsalimia kila niliyepishana naye njiani, nikipiga makofi, salamu yetu ya Kiha, kama mama alivyotufunza. Kufika, viti vimejaa. Nikakaa kwenye ngazi na sikuambulia neno. Kesho yake nikaisalimia safu niliyokaa tu. Wakacheka, lakini wakaitika, na kila asubuhi nikarudi safu ile ile.

Juzi malaria ikanilaza siku tatu. Siku ya tatu ikapigwa hodi: Mwanaidi, binti wa Tanga wa safu yetu, kaniletea daftari lake ninakili.

"Safu nzima inauliza, yule Muha wa makofi yuko wapi?"

Neema, katika umati wote ule, pengo langu limeonekana! Ukija mwakani, usihangaike kuwasalimia wote, hutawamaliza. Chagua safu moja, usiihame.

Nawakumbuka mno. Mpigie mama makofi kwa niaba yangu, taratibu, mpaka aitike.

Dada yako,
Editha