SIM mpya ya Mama Émerance

Julienne, uko? Unajua mama mukubwa Émerance, ule alikimbia vita ya Goma akatufikia huku kusini kupitia Zambia. Leo nimemupeleka town kununua SIM ya huku.

Unajua bauzaji ba barabarani: lazima upigie muntu simu mbele yabo, baone kama inapita. Mama akapiga namba ya ile simu aliachia bwana yake kule Goma.

Akaitika mwanaume mwingine, sauti tukaisikia bote: «Mwenye simu hakuna tena.»

HAKUNA TENA. Julienne!

Muuzaji anacheka: «Umeona, mama? Inapita muzuri.»

Mama hakulia. Akasema pole pole: «Basi andika namba yangu mpya. Akirudi kutafuta simu yake, mumupatie.»

Akaisoma yote.

Mi niliangalia simu. Ule muntu alishakata.

Mama akaisoma tena.