Rapp wa Nane

Jumapili, 10 Februari 1884
Wiki ya tatu tangu tumzike mume wangu Anders. Homa ya mapafu — si risasi! Miaka yote ile ya bunduki, akaja kuondolewa na kikohozi. Leo baada ya ibada Nils Persson, mkubwa wa wakulima wanaomtunza askari wa hapa, alinivuta kando. Akazungukazunguka, mwishowe akasema: nyumba ni ya askari, rejimenti inataka mwingine, niwe nimehama ifikapo tarehe kumi na nne Machi. Macho ameyakaza kwenye viatu vyake. Nilishindwa kumchukia.

Jumatano, 13 Februari
Binti yangu Hulda kaniuliza kama na jina tutalirudisha. Nikamwambia jina ni la nyumba. Kila askari anayeingia hapa rejimenti humwita Rapp — baba yake alikuwa wa saba. Wa kwanza alibaki vitani Urusi. Wa tatu aliganda milimani Norwei. Wa tano alirudi na mguu mmoja, akalima viazi hadi uzeeni. Anders alikuwa akimsimulia habari zao kama za babu zake wa damu.
"Na wa nane ni nani?"
Nikamtuma akalete kuni.

Jumamosi, 23 Februari
Kaja askari mpya! Anaitwa Alfrid, wa parokia ya jirani. Mrefu mno — kichwa kikagonga mlango. Nilimpokea kwa uso mkavu.
"Mama, mimi nitalala ghalani."
"Kwa baridi hii? Utakufa."
"Basi rejimenti itatafuta wa tisa."
Nikacheka! Mara ya kwanza tangu msiba. Halafu aibu ikanishika, nikaenda kulia zizini, ng'ombe ananitazama.

Alhamisi, 6 Machi
Koti la Anders ni mali ya rejimenti. Kapewa Alfrid. Mikono mifupi, kwa hiyo nimeishusha mwenyewe. Kola bado inanuka tumbaku yake. Alfrid aliniona nimeliinamia, akageuka kutoka.
"Kaa nalo tu, Mama Hulda. Mimi sina haraka."
Nikakaa nalo.
Jirani yangu Maja-Lisa alikuja kunywa kahawa. Ati nyumba ileile, jina lilelile, na huyu meno yote anayo — nitapungukiwa nini nikiolewa naye? Nikamwambia akome. Akaongeza sukari.

Ijumaa, 14 Machi
Vyombo vimepakiwa garini. Tunahamia kwa dada yangu ng'ambo ya ziwa — chumba kimoja, watoto sita. Alfrid alimfunga farasi. Kisha akaingia, kofia mkononi, masikio mekundu. Akasema wakulima wamemshauri anioe, naye hataki kuposa kwa kuagizwa.
"Nakuomba kwa hiari yangu. Ukikataa nakupeleka kwa dada yako, na sitakusumbua tena."
"Anders hajamaliza hata miezi miwili!"
"Najua. Nitangoja mpaka huzuni ikupe nafasi. Ila usihame."
Nimemwomba aniache kidogo. Ndipo naandika hapa, juu ya meza tupu. Namtaka Anders. Na huyu — namwonea huruma? Si huruma. Sijui ni nini!
Nje kuna kelele za vyuma. Hulda anashusha masufuria kutoka garini, moja baada ya jingine. Alfrid anamwambia taratibu angoje kwanza mama aseme. Hangoji.
Sijatoka kumzuia.