Kaitikia Jina la Utotoni

Ashraf, mwaka mzima unajifanya huoni! Mtu anakula kwa Bi Mwamini akijiita Sadiki, mwanawe aliyepotelea Msumbiji, nawe unasema tusichokoze.

Leo banda la video hapa Nachingwea wameweka filamu ya kale, haina hata rangi. Tapeli kavaa jina la marehemu, mama wa marehemu anampakulia ubwabwa. "Sadiki" wetu kakaa mbele yangu, anasonya: "Mama gani huyu hamjui mwanawe? Mjinga!"

Mjinga, ati!

Nikamwita lile jina la Sadiki la utotoni, tuliloliacha jandoni. "We Chinguile!"

Kageuka anatabasamu. "Naam, kaka!"

NAAM, Ashraf! Sadiki alikung'oa jino ulipomwita jina hilo hilo, siku tatu tu baada ya kutoka jando. Huyu kalikariri kwa mama, hajui kwamba kwa aliyetoka jando ni tusi. Kaniongezea na bisi!

Jioni hii anakabidhiwa mikorosho yote ya Bi Mwamini kule Lionja, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mimi wananiita mchochezi, hawatanisikia. Wa jando lile tumebaki wawili. Toka hapo Ruangwa, panda bodaboda sasa hivi!