Ukurasa Niliouruka

Babu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini kalamu imekataa kuanza na neno lingine.

Ni miezi minne sasa. Kahawa ya karibu na kaburi lako imeshachumwa, Mama alichuma huku analia. Mashine yako ya santuri iko palepale sebuleni. Kila Jumapili naifuta vumbi, naweka juu yake ile pima maji yako ya useremala, na kipovu kisipokaa katikati nakunja upya ile kadi ya mchango wa harusi uliyoiweka chini ya mguu wa meza. Ulikuwa unasema, "Ndeshi mdogo, meza ikiinama kidogo tu, kwaya nzima inainama." Nilikuwa nacheka. Siku hizi napima tu.

Babu, nina jambo. Nimeliandika mara tatu nikachana.

Unakumbuka siku ulipoileta mashine? Yule mwalimu wa chuo cha misitu aliyekuwa anahama alikupa pamoja na kitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza. Ukamwita hadi Baba mdogo aje asikie mjukuu anavyosoma. Nikakusomea jinsi ya kusawazisha mkono wa mashine unaobeba sindano, jinsi ya kupitisha brashi kwenye sindano kutoka nyuma kuja mbele. Ukashika yote. Halafu nikafika ukurasa mmoja umejaa maneno magumu. Baba mdogo ananiangalia. Uso ukapata moto. Nikasema, "Hapa wanasema tu isikae juani," nikafunua unaofuata.

Ukaisogeza mbali na dirisha siku hiyohiyo.

Ukurasa ule ulisema sindano huisha, Babu. Kwamba isipobadilishwa inachubua santuri. Nimeusoma mwezi uliopita, mimi na kamusi, peke yangu.

Miaka mitatu ulishusha sindano ileile mahali palepale: santuri ya kwaya ya usharika, wimbo wa tatu, pale Bibi anapoimba peke yake. Bibi niliyepewa jina lake na sikumkuta. Sauti yake hatuna mahali pengine popote. Ilipoanza kufifia ukaanza kusogeza kiti. Kwanza kando ya meza. Mwisho ukawa umeinamisha kichwa hadi kwenye spika, kama mtu anayenong'onezwa. "Masikio yangu yamechoka," ulisema. "Ndeshi ananiacha mara ya pili." Ukatabasamu. Mimi nikakuletea chai.

Masikio yako yalikuwa mazima, Babu. Mazima kabisa.

Sindano niliipeleka mjini kwa fundi redio. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akapiga mluzi. "Mdogo wangu, hii siyo sindano, huu ni msumari. Imekula santuri ngapi?" Akanipa mpya, akanionyesha namna ya kupima uzito wa mkono. Nyumbani nikaweka ile santuri yako ya magitaa, kila uzi ukasikika. Nikafurahi kama mjinga. Kisha nikaweka ya kwaya. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, alipofika Bibi... kama mafuta yanakaanga. Yeye yuko nyuma huko, mbali. Nimeiosha kwa maji na tone la sabuni, nimeikausha kwa kitambaa cha miwani yako. Nikairudia mara moja tu. Niliogopa kumkwaruza zaidi.

Jumapili hii ukoo wote unakuja kuweka msalaba wa saruji. Shangazi anataka wamsikie mama yao. Nilimwambia tu kwamba santuri imeharibika, sikusema kwa nini. Akasema mbele ya watu kwenye kikao cha maandalizi, "Baba naye alizidi! Kamsikiliza Mama mpaka kammaliza." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Nilikuwepo, nimeshika trei ya vikombe. Nikaendelea kugawa vikombe.

Wanakusingizia wewe, na nimewaacha.

Basi nakuahidi. Jumapili, kabla sijashusha sindano, nitasimama mbele yao na kile kitabu. Nitausoma ule ukurasa wote, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, na nikikwama nitakwama hadharani. Kisha nitawaambia ni nani aliyeuruka. Shangazi akinisema, sawa. Baba mdogo akikaa kimya, hapo ndipo nitaumia. Baadaye tutamsikiliza Bibi mara moja, hivyohivyo alivyobaki, halafu nitamrudisha kwenye mfuko wake wa santuri.

Sijui kama huko mlipo watu husamehewa kwa barua.

Kwaheri, Babu yangu. Mwambie Bibi akuimbie mwenyewe, wimbo wote.

Mjukuu wako,
Ndeshi