Binti Yetu Haonekani Darasani

Baba watoto,

Huku hatujambo, na paa halivuji tena.

Mwalimu mkuu aliniita juzi. Anasema binti yetu haonekani darasani, na mtoro husimamishwa masomo. Nikachanganyikiwa, maana kila asubuhi namfunga tai mwenyewe.

Jana nikamfuata. Akaingia kwa mama yako, nikamkuta anamwogesha bibi yake.

"Bibi anawasha jiko halafu anasahau," akasema. "Aliniapisha nisiwaambie."

Mama akanitazama, akamuuliza mtoto mimi ni nani.

Leo nimempeleka mtoto shuleni. Mwalimu akataka sababu, nami nikashindwa kumtaja mama. Sijui hata nimgombeze mtoto au nimshukuru.

Nakuandikia nikiwa hapa kwa mama. Mimi ananiita dada, lakini wewe bado anakuulizia. Njoo upesi.

Mkeo